Sindano na Mizani

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Sindano, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa fundi viatu. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu wa michezo, alipochoka kumtoa kwenye ugomvi, alimshika mkono akampeleka ukumbi wa ndondi, nyuma ya karakana ya magari.

Mwaka 1987 aliingia ngumi za kulipwa, uzito wa unyoya, na mwaka 1994 akavaa mkanda wa taifa. Wapinzani aliwazoea, kilichomtoa jasho ni mizani, maana bondia aliyezidi uzito siku ya kupimwa hakuruhusiwa kupigana. Wiki ya pambano alikimbia juani amevaa makoti mawili, na mkewe alikwenda kupika kwa jirani ili harufu isimtese.

Walifunga ndoa tarehe 14 Disemba 1991. Pambano lilikuwa wiki iliyofuata, basi bwana harusi alikaa mezani akinyonya barafu. Shangazi wa bibi harusi alimwinamia. “Baba, chakula chetu kina sumu?” Bibi harusi akaivuta sahani ya mumewe, akaimaliza.

Alistaafu mwaka 2001, akawa kocha katika ukumbi uleule. Mwaka jana alipoanza kukonda, nyumba nzima ilimpongeza. Vijana wake walimtania kwamba anataka kurudi ulingoni. Mkewe alizipunguza suruali zake kiunoni huku akiona fahari. Kila sahani iliporudi jikoni haijaguswa, mumewe alisema anapunguza uzito kidogo tu, na katika nyumba ile neno hilo halikuwahi kutiliwa shaka. Daktari alipotaja saratani ya tumbo, ilikuwa imeshasambaa.

Siku za mwisho akili ilimtoka na kumrudia. Mkewe alipomletea uji, yeye alifumba mdomo.

“Mama, kesho napimwa.”

Mkewe alibembeleza, akalia, akakasirika. Hatimaye akamwambia, “Umeshapimwa, baba. Umepita. Kula sasa.”

Mumewe akatabasamu, akafungua mdomo. Uji ukarudi wote juu ya shuka. Mkewe akafuta, akachota tena, akabaki ameshika kijiko hewani, asijue akipeleke wapi.

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, na vijana wa ukumbini waliobeba jeneza lake leo. Mola ampokee, ampe pumziko na amani.