Mzee Ildefonsi Ntirampeba na Jembe Alilompa Mbunge

Mheshimiwa Mbunge wetu, Padri, Mwenyekiti wa Kijiji, mabalozi wa nyumba kumi kumi, wafiwa, na ninyi nyote mliofika hapa Rusenga leo Jumatano, tarehe 6 Septemba 1978, mimi ni Pasikali, mdogo wake marehemu tumbo moja, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu. Nimeikubali kwa heshima, ingawa nawaambieni mapema kwamba tangu juzi nakaa na kalamu yangu na kuna mahali sielewi niandike nini, kwa hiyo mkiona nimesitasita mjue si machozi tu, ni kuchanganyikiwa pia.

Marehemu Ildefonsi Ntirampeba alizaliwa hapa hapa upande wa Nyakitonto, wilaya ya Kasulu, mwaka 1921, mwaka ambao Wabelgiji waliondoka Kigoma, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Makarius na mama yetu Asumpta. Tarehe kamili haijulikani, ila mama alikuwa akisema mvua zilikuwa zimekatika. Baba yetu alikuwa mteko, na kwa vijana ambao hawakulikuta jambo hili nieleze kwamba zamani katika Buha mtu akitaka mahali pa kujenga alianzia kwa mteko, naye mteko alikwenda naye mpaka kwenye ile ardhi, akashika jembe, akapiga mara moja mbele ya mashahidi, na tangu hapo mtu yule hakuitwa mgeni tena, yeye wala watoto wake. Bibi yetu mzaa baba alitoka Burundi, alivuka mto akiwa mwari, na sikusikia hata siku moja mtu akimwita mkimbizi.

Kaka alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1931 mpaka 1935, akaishia darasa la nne, akabatizwa tarehe 15 Agosti 1936. Mwaka 1940 alikwenda manamba, akakata mkonge huko Tanga kwa miaka mitano, akarudi na blanketi, kikohozi, na Kiswahili ambacho alikuwa akitusemesha hata mahali ambapo Kiha kingetosha. Mwaka 1951 akawa katekista, kazi aliyoifanya mpaka mwaka huu, na waliofundishwa naye wanajua kwamba hakuwa na haraka, mafundisho ya nusu saa kwake yalikuwa ya asubuhi nzima.

Alifunga ndoa na shemeji yangu Theodosia tarehe 8 Februari 1947, kwa mujibu wa kanisa, lakini shemeji mwenyewe anasema hapana, ilikuwa wakati wa mavuno ya mtama, na kwa kuwa alikuwepo, nimeshindwa kubishana naye. Walijaliwa watoto watano, wawili Mungu akawachukua wakiwa wadogo, na waliobaki ni Evaristi, Ndayiragije, na binti yao wa mwisho Pelagia, ambaye nitamrudia maana habari yake ndiyo iliyoninyima usingizi.

Siku ya Pentekoste, tarehe 21 Mei 1972, watu wa Burundi waliokimbia mauaji walifika katika kanisa letu wakati wa ibada, wengine miguu imepasuka, mama mmoja amembeba mtoto aliyekwisha kufa na hataki kumweka chini. Marehemu aliikatisha ibada, akatugawa, kila nyumba na watu wake, na nyumbani kwake akawachukua Mzee Nsengimana, mkewe Uwimana, na kijana wao Ndihokubwayo. Tulidhani watakaa mpaka mtama ukauke, nami nilimwambia kaka kwamba unga hautatosha, akanijibu kwamba anajua hautatosha na kwamba nilete wa kwangu.

Walikaa. Mwaka 1974 ikaja operesheni ya vijiji, sisi wenyewe tukateremshwa kutoka mlimani, tukapangwa hapa kando ya barabara, nyumba zetu za zamani zikabaki na panya, na hapo ndipo marehemu alipoanza kuhangaika. Alisema jembe la mteko halina nguvu tena, ardhi sasa ni ya serikali, kwa hiyo hawa watu wa Burundi aliowaweka yeye kule bondeni amewaweka hewani, na siku yoyote wanaweza kuangushwa. Akaanza kuandama viongozi, katibu kata, bwana shamba, mkuu wa wilaya, kila mmoja alimwambia kwamba jambo la wakimbizi ni la Bunge. Basi akaamua kwamba kama ni la Bunge, mteko wa siku hizi ni Mbunge.

Mheshimiwa, nakuomba univumilie, maana sasa nafika kwako. Tarehe 8 Novemba 1975 ulikuja hapa Rusenga kutushukuru kwa kura, na wewe ulisomea Tabora tangu utoto, mambo yetu haya huenda hukuyakuta. Marehemu alikupeleka kwenye lile eneo la kule bondeni walikokuwa wamesimama Mzee Nsengimana na wenzake, akatoa hotuba ndefu, nadhani uliisikia robo, kisha akakukabidhi jembe kwa mikono miwili. Ulivua koti, ukalipokea, na kwa kuwa siku zile kilimo kilikuwa cha kufa na kupona, hukupiga mara moja, ulilima tuta zima mpaka shati likalowa, na mashahidi wakatazamana maana mara moja ilitosha. Akina mama wakapiga vigelegele, Uwimana akalia, Mzee Nsengimana akapiga magoti, nawe ukamwinua ukamwambia ajitahidi kulima. Wewe ulidhani unahimiza kilimo, sisi tulidhani Bunge limetoa ardhi, na wote tukala pamoja, tukaagana kwa furaha.

Kesho yake walianza kupanda kahawa na migomba, vitu ambavyo mtu wa kupita hapandi. Mwezi Januari 1976 marehemu akamwoza Pelagia kwa Ndihokubwayo, bila wasiwasi wowote, kwa sababu alikuwa akimwoza kwa mtu wa hapa, na leo wana watoto wawili, mmoja anatambaa pale mbele yenu.

Mwezi Juni mwaka huu tukatangaziwa kwamba watu wote waliotoka Burundi watapelekwa kwenye makazi mapya kule Mpanda, wapewe mashamba na shule na zahanati, na kwamba malori yatafika Rusenga Jumatatu, tarehe 11 Septemba. Sisemi makazi yale ni mabaya. Wako wakimbizi wanaolala porini hadi leo na hakuna aliyewapa hata kivuli, kwao itakuwa heri, na marehemu mwenyewe alisema hivyo. Lakini Mzee Nsengimana aliposikia alimwuliza bwana aliyetangaza, tena kwa upole, "Sasa bwana, tuhame twende wapi, na Mbunge mwenyewe ametulimia?" Yule bwana hakuelewa anaambiwa nini, akadhani mzee amelewa. Na Pelagia je, ni mwenyeji anayebaki au ni mkimbizi anayekwenda, na watoto waliozaliwa hapa ni nani, hilo nimeliuliza ofisini na kila dirisha lina jibu lake.

Marehemu alikufuata Kasulu, akaambiwa uko Dar es Salaam, Bungeni. Akasikia uko Kibondo kwenye mkutano, Bwana Dadi mwenye duka pale Kasulu akampakia kwenye lori lake juu ya magunia ya chumvi, na tarehe 19 Agosti akakupata. Alipokukumbusha lile jembe ulimwambia, na hili amenisimulia yeye mwenyewe, "Mzee wangu, siku ile nililima tu, sikumpa mtu ardhi." Hakukulaumu. Alirudi vumbi tupu, akaketi uani, akaniuliza kama mtu anaweza kutoa kitu bila kujua ametoa, na kama ametoa bila kujua, je, kimetoka au hakikutoka? Ninyi mnaojua sheria mnisaidie, maana mimi nilikuwepo, niliona udongo ukigeuka, na sijui niliona nini.

Tarehe 24 Agosti alishikwa na homa na kichomi. Tulimpeleka hospitali ya Kabanga tarehe 26, akatibiwa vizuri kabisa, lakini kile kifua cha mkonge hakikuwa na akiba, na siku ya Jumatatu, tarehe 4 Septemba, saa kumi za jioni, akakata roho, mkewe akiwa amemshika mkono. Kaka yangu alikufa akiwa na wasiwasi, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu tisa.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na masista wa Kabanga kwa kumhudumia kaka usiku na mchana, nawashukuru makatekista wenzake kwa nyimbo, namshukuru Bwana Dadi, ambaye si wa dini yetu lakini ametoa mbao na misumari ya jeneza na amekaa nasi tangu juzi. Nafika kwa majirani, na hapa ndipo kalamu iligoma. Nimeelekezwa kwamba Mzee Nsengimana na wenzake niwataje katika fungu la wageni. Lakini kaburi wamelichimba wao, na kwetu mgeni hachimbi kaburi, mgeni huletewa kiti. Kwa hiyo nawashukuru kama majirani, na kama nimekosea nisahihishwe na mwenye mamlaka.

Mheshimiwa, ukoo unakuomba hivi. Bunge litakapokutana, simama useme kwamba wako watu waliokwisha kukaa, wamepanda, wameoa, wamezika, wapewe haki ya kubaki walipo, na wale wasio na mahali wapewe mahali. Useme ulilima. Huna haja ya kusema ulielewa, sisi pia hatukuelewa.

Na sasa ninatangaza taratibu za matanga. Ukoo ulikaa jana, ukakubaliana kwamba Mzee Nsengimana, mkewe, mwanawe, na nyumba zote za kule bondeni ni wafiwa, sawasawa na mimi, wataketi chini uani hapa pamoja nasi, na kila mtu wa Buha anajua, hata dereva wa lori anajua, kwamba mfiwa hainuliwi kutoka matangani mpaka ukoo uanue matanga. Malori yakija Jumatatu yatatukuta, tutawapa madereva chakula na pole watupe. Wengi mmeniuliza matanga yataanuliwa lini. Mheshimiwa, ukoo haujapanga siku, tunasubiri utuambie Bunge linakaa lini.

Pumzika, kaka, kwa amani ya Bwana.