Mama Mbambu na Mikono Iliyoinuka

Tarehe 30 mwezi wa sita, Mama Dorcas Mbambu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika idara yetu ya kine hapa hospitalini, tunaporudisha nguvu za viungo. Anayedhani sasa atakaa kimya nyumbani hamjui.

Alianza na waliovunjika miguu kwa ajali za pikipiki. Kisha akawaona akina mama waliopasuliwa saratani ya titi wakirudi na mikono iliyovimba, mabega yamekaza, maana nyumbani walikatazwa hata kuchota maji. Aliomba kona ya ukumbi, akaleta vijiti vya ufagio na mipira ya watoto, akaanzisha kikundi cha mazoezi.

Priscille, fundi cherehani wa mtaa wa Bigo, alipofika hakuweza kuchana nywele zake. Mume wake, Rodrigue, akamzuia asirudi, akihofia kidonda kitafunguka. Mama Mbambu hakumgombeza. Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwao, akamweleza kuwa daktari aliyempasua mkewe ameruhusu mazoezi, kisha akampa ncha moja ya kijiti na Priscille ncha nyingine.

"Mukono iko yako, mama," akamwambia Priscille. "Tuipandishe polepole. Ikiuma sana, tunasimama."

Kijiti kilipanda mpaka usawa wa kidevu. Rodrigue akafuta macho. Tangu hapo ndiye anayemleta Priscille, na hufanya mazoezi pamoja nasi, ingawa kila mara huanza na mkono usiotakiwa.

Lakini siku yetu kubwa ilikuwa tarehe 8 mwezi wa tatu mwaka huu, kwenye defile, gwaride la Siku ya Wanawake. Kikundi kilipita kikiwa na vitenge alivyoshona Priscille. Mbele ya wakubwa waliokaa jukwaani, wote wakainua mikono juu kwa pamoja. Vigelegele vilianzia kwa akina mama wa mtaa wa Saio, vikasambaa barabara nzima. Mama Mbambu, anayetukataza siku zote kurukaruka, aliruka kuliko wote!

Wiki iliyofuata alikuja Bénédicte kutoka Fataki. Alikuwa ameficha mkono wake ndani ya shati la mikono mirefu tangu operesheni. Aliwaona akina mama wale kwenye defile, akapanda gari kuja kwetu. Nyuma yake walikuja wengine, na sasa kona ile haitutoshi. Tumepewa ukumbi mzima.

Mama Mbambu, aksanti sana. Mungu akupe afya, mvua ya kutosha shambani, na wajukuu wenye pumzi ya kukufuata. Uende kwa furaha, mama yetu.