Mwani wa Chiriku

Ndugu waombolezaji, familia imenituma nisome maisha ya kaka yangu, aliyeniachia ziwa, na nitayasoma yalivyokuwa, kwa sababu mwenyewe hakupenda kitu kupakwa rangi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha sekondari, na mwaka 1976 akahitimu chuo kikuu katika elimu ya mimea, jambo lililomsikitisha baba, aliyekuwa akingojea daktari wa watu. Tarehe 1 Julai 1977 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa bahari, kazi yake ikiwa kutenganisha aina za mwani wa kijani zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, nasi tukimtania, maana wapwa zake mapacha aliwachanganya hadi siku walipooa.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mtoto mmoja tu, binti, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1984, tukamwita Chiriku kwa maneno yake mengi, na ambaye tarehe 17 Agosti 1993 alifariki kwa homa ya uti wa mgongo. Nyumba ile ilinyamaza.

Mwaka 1995, kwenye kivuli cha mwamba, kaka alikuta mwani wenye vipunje bapa vilivyoachana, tofauti na ule wa juani, ambao vipunje vyake ni vya mviringo na vimebanana kama zabibu, akautangaza kuwa aina mpya, akaupa jina la Chiriku, na shemeji akatundika picha ya mwani huo sebuleni, akiwaambia wageni kwamba mwanawe amepata pa kukaa duniani.

Wasiwasi ulimwingia mwaka 2014, alipougawa mwani huo, nusu akaiweka kwenye beseni dirishani, nusu nyuma ya mlango wa stoo, na ile ya dirishani ikaota vipunje vya mviringo. Shemeji alimsihi aache, kwani hakuna aliyemuuliza, na ni kweli angenyamaza hakuna ambaye angejua, lakini alirudia, akapima vinasaba, na tarehe 3 Februari 2016 akachapisha kwamba mwani ni ule ule wa juani, uliobadilishwa umbo na kivuli, na jina lake la zamani ndilo linalobaki. Shemeji alimwambia amemzika mtoto mara ya pili, akaishusha picha, na tangu hapo kila mmoja akawa na chumba chake. Ndugu tuligawanyika, mimi nikawa upande wa shemeji, na sijahama.

Novemba 2022 kaka alipata kiharusi, shemeji akamuuguza kwa mikono yake bila kulitaja jambo lile, hadi alipofariki Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa mwanafunzi wake wa zamani, aliyetueleza jana kwamba katika fani yao jina lililokataliwa halifutwi, bali huandikwa daima chini ya lile lililokubaliwa, na kila atakayeuchunguza mwani huo atalikuta. Shemeji aliuliza kama kaka alilijua hilo, akajibiwa kwamba ndiye aliyewafundisha, akauliza tena mbona hakumwambia yeye.

Baba Chiriku, tunakulaza kando ya mwanao, pumzika naye kwa amani.