Matawi Niliyoyang'oa

Sogezeni viti, wanangu, sauti yangu imeanza kukatika na sitayasema haya mara mbili. Helka, acha kunirekebishia mto. Ilmo, zima redio. Na wewe Saimi, mkwe wangu, kaa hapo nikuone, maana haya yanakuhusu kuliko wote.

Mashua ni ya Helka. Nyavu na mtaimbo ni vya Ilmo, na mtaimbo huo usiuache nyumbani kabla ya Krismasi, hata ukiona jirani anapita na pikipiki yake ya theluji. Barafu ya kwanza, ile nyeusi unayoona mawe chini yake, ipige kila hatua. Ikitoboka kwa pigo moja, rudi kwa njia uliyojia. Ukishatoboa matundu, pitisha ule ubao wa kuvuta kamba chini ya barafu, kisha tega pale kina kinapoanza, samaki wetu siika wapo huko mpaka Desemba. Unatabasamu, Ilmo, haya unayajua. Ndiyo, mzee anajichelewesha.

Kwetu hapa anayechomeka matawi ya msonobari kwenye barafu ndiye aliyeipima, na wengine hupita bila kuuliza. Mwaka mmoja, Saimi ukiwa bado mtoto, nilichomeka mimi, kuvuka pale ziwa linapobana, penye mkondo. Kisha theluji ikaanguka siku mbili. Chini ya theluji barafu haiongezeki, na mkondo unaila polepole. Nilijua. Nilipaswa kwenda kuyang'oa matawi, nikakaa. Nilikuwa nimemnunia Arvi, baba yako, Saimi, kwa sababu alitega nyavu mbele ya zangu, halafu akanicheka saunani watu wakisikia: "Wewe Urho, siika wako wamehamia kwangu, wamechoka kukuangalia sura!" Nikajisemea, nitakwenda kesho.

Asubuhi yake Arvi akafuata matawi yangu.

Niliona kofia yake ukingoni mwa tundu, pale barafu ilipovunjika. Nikatambaa kwa tumbo, nikaita mpaka koo likakauka. Kisha, wanangu, kabla sijakwenda kuita watu, niliyang'oa matawi yote, moja moja, nikayachoma kwenye jiko la sauna. Watu walipokuja hawakuona njia. Wakasema Arvi alikuwa amelewa, akajiendea tu. Arvi hakuwa amelewa, alikuwa ameniamini. Nami nikanyamaza. Saimi, mama yako Hilja alikufa akiona aibu, na wewe shuleni ukaitwa binti wa mlevi. Harusini kwako na Ilmo nilikula keki, nikacheza na bibi harusi. Najuta, Saimi. Kila theluji ya kwanza ikianguka najuta upya, na majuto hayo hayakukusaidia chochote.

Mahali petu pa kutegea, pale rasini, ni pa Saimi. Hayo si malipo. Siku ya kunizika, watu wakinywa kahawa baada ya mazishi, Helka asimame aseme yote, anitaje jina, asinipunguzie. Msiandike sifa kwenye jiwe langu.

Mungu awalinde, wanangu. Awape barafu nene na... ngojeni nipumue... na mioyo isiyonuna. Helka, maji. Hapana, basi.

Saimi? Mbona kiti ni kitupu? Ilmo, niachie mkono. Mfuate mkeo, ametoka bila koti. Mimi niacheni. Nenda, mwanangu... nenda sasa hivi.