Hlengiwe Anabaki Dukani

Mheshimiwa Diwani; Mzee Khatibu, mwenyekiti wa umoja wetu wa wafanyabiashara wahamiaji; Mchungaji Ezéchiel; ndugu wafanyabiashara mliofunga maduka mapema mkaja hapa Newtown; na wewe Hlengiwe, uliyeketi karibu na Samira awatafsirie wewe na Diwani: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Kidawa, wa Tanga, mwenye duka la mikate mtaa wa Kensington, jiji hilihili. Nimeombwa nieleze jinsi mpango wa serikali ulivyotusaidia.

Mwaka jana tuliambiwa kwamba mfanyabiashara mdogo akimwajiri mtu anayeishi kwa ruzuku ya kulea watoto, serikali itachangia mshahara wake kwa mwaka mmoja. Nikamfuata Hlengiwe, mama wa watoto wawili, mteja wangu wa kila asubuhi. Nilidhani atafurahi. Akasema kwa Kiingereza chetu cha dukani, "Eish, Ma. Ruzuku ni ndogo, lakini inakuja; nikiajiriwa itakatwa. Duka lako likifungwa, mimi na watoto tutakula nini?"

Ndugu zangu, ningemjibu nini? Nani kati yetu sisi wageni anaweza kuapa kwamba mwakani duka lake litakuwepo? Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Lakini nikipata, tutapata wote." Kesho yake nilimkuta mlangoni, ananisubiri nifungue.

Haikupita muda akaniambia maandazi yangu ni matamu, ila madereva wa teksi wanataka magwinya, maandazi ya kwao yasiyo na iliki, ya kutiwa nyama katikati. Nikakataa. Akabembeleza, akakaanga karai moja. Madereva wakayamaliza yangali ya moto, wakauliza mengine yako wapi.

Mwezi uliopita mchango wa serikali ukakoma. Mimi nikawa napiga hesabu zangu kimyakimya. Yeye akaona ukimya tu. Ijumaa akanikabidhi aproni niliyompa, imefuliwa, imepigwa pasi.

"Asante kwa yote, Ma. Najua mwaka umeisha."

"Nani kakwambia uondoke?"

"Hakuna aliyeniambia kitu. Ndiyo maana."

Nikaketi juu ya gunia la unga, nikacheka huku machozi yananitoka. Hesabu zilikuwa zimekubali: magwinya yale yanamlipa mshahara wake. "Uende wapi wewe, na madereva watakula nini?" Naye akashusha pumzi, akampigia mama yake simu. Katika Kizulu chote kile nilishika neno moja, umsebenzi, yaani kazi, na alilirudia na kulirudia.

Mheshimiwa Diwani, tunaishukuru serikali kwa dhati, maana bila mchango ule nisingethubutu kuanza. Ombi langu ni dogo: mchango unapokaribia kwisha, mfanyakazi naye aambiwe, asikae akisoma uso wa tajiri wake.

Hlengiwe, simama wakuone. Nayasema haya mbele ya watu wote hawa: unabaki, nawe ni mfanyakazi wa kudumu.

Wenzangu, asanteni kwa kunipa masikio yenu. Samira, mwambie tena hilo la mwisho, polepole.