Coup ya Kumi na Tisa ya Beni

Mu Butembo, mwaka ile vita ilifunga barabara ya Beni, banc yetu ya kukalia ilikuwa mbele ya nyumba ya phonie ya Jéthro, ile radio ya kuitana na miji ya mbali. Ndani, ordinateur yake, kompyuta ya kizee, ilikuwa inacheza échecs, ule muchezo ya sataranji, na ordinateur moja ya Beni. Programu yetu tuliita Mwalimu, yao Komanda, na tulitaka kujua gani iko na nguvu. Kila saa kumi ya muchana Jéthro alisoma coup yetu, kete gani tumesukuma, mu phonie, na Joyeuse, dada yake mwenye alibaki Beni, alisoma yao. Njo vile Jéthro alijuaka dada iko muzima. Sasa ilikuwa siku ya tatu tunangojea coup yao ya kumi na tisa, Beni kimya. Ukungu ilishuka mpaka ku mabati, kahawa yenye Mama Berthe anatuuzishaka ilikuwa ya moto, na sisi tulikuwa tunasema bujinga.

— Komanda anafikiri, akasema Manassé, mutengenezaji wa radio, ule tunamuitaka Pentium. Coup ya kumi na tisa ni nguvu.

— Aka! Mwalimu anatumiaka dakika mbili tu, akasema Prof Blaise, mutu wa Kasaï, anafundishaka hesabu. Donc Mwalimu anamupita.

— Hapana, Prof! akasema Pentium. Ordinateur yetu ni ya kizee, yao ni mupya. Weka programu zote mbili ku machine moja, wakati sawasawa, zicheze partie mia. Partie moja ni bule.

— Mais siku tatu?

— Siku tatu, Komanda ameshaona mpaka mwisho ya partie.

— Ameona anashindwa! Haya inamukamata. Hapendi kusikia mat, mufalme wake amekufa, mbele ya batu ya Butembo.

Jéthro akacheka kidogo. Hakulala, macho ilikuwa nyekundu, na niliona anaomba tuendelee tu. Basi na mimi nikaendelea.

— Ninyi hamujue kitu. Komanda alilala, anaota. Mu ndoto anacheza, pole pole, partie zote zenye batu batacheza, hata za batoto ya batoto yetu. Akiamuka ataleta coup yake, na atatuambia siku barabara itafunguka.

— Siku gani? Jéthro akaniuliza, na alikuwa anauliza kweli.

— Dimanche, kisha misa.

Uongo tupu. Naona haya mpaka leo.

Mama mumoja wa Vuhovi, Jemima, alikuwa ameweka kitunga yake ya maharagi chini, anakunywa kahawa, anatusikiliza.

— Wasibire, baba, akamusalimia Jéthro. Ile machine iko na kinywa?

— Hapana, mama, Jéthro akasema. Dada yangu njo anasomaka.

— Na yeye pia anafikiri siku tatu?

Pentium aliangalia ndani ya kikombe. Jéthro akasimama, akaingia, akakamata micro ya phonie, na tukasikia sauti yake, hapana ile ya kusoma coup:

— Beni, Beni, ni Butembo. Acha partie. Joyeuse, ni mimi. Sema tu jina yako. À toi, zamu yako.