Kwa Chumvi Imekubali

— Nilikuwepo, jamani, nimeshuhudia kwa macho haya haya, alianza Chumvi, akijitanua benchi zima la kijiweni. Tovuti moja, akadai, ilifunguka kwenye kila simu mtaani, ikafunguka kwenye tivii ya dobi, ikafunguka hadi kwenye jokofu. Kinyozi akacheka mpaka kahawa ikampalia. Fundi Tovuti hakucheka. Alikuwa anakaa, anasimama, anakaa tena, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Shangazi yake ndiye aliyempa kazi: ukurasa wa mtandaoni wa kuandikishia watoto wa chekechea yake. Mara ya kwanza kitufe cha kujiandikisha kiligomea nusu ya wazazi. Leo asubuhi wanajaribu tena, na kikigoma, kazi inakwenda kwa binamu yake, yule mvaa tai wa ofisini.

— Kwani kosa lilikuwa nini? Kinyozi akauliza.

— Skripti yangu, yale maelekezo ya ukurasa, Fundi akajibu, ilikuwa inakiuliza kivinjari, programu inayofungua tovuti, jina lake. Vivinjari vinadanganya, kaka. Hiki kinajiita kile. Sasa siulizi jina. Nauliza: hili unaliweza? Hakiwezi, napita njia nyingine.

— Ndiyo maana wahenga wakasema samaki mkunje angali mbichi, Chumvi akadakia.

— Vinahusiana nini? Fundi akauliza.

— Utaelewa ukikua.

Kinyozi akadai vivinjari vina wivu, ukiweka viwili simu moja vinanuniana kama wake wenza. Chumvi akaapa kuna kimoja alikijua yeye, kilikuwa kikimwona fundi asiyenyoa ndevu kinajifunga chenyewe. Fundi akajipapasa kidevu.

Basi wakajaribu. Kinyozi akabonyeza, kikakubali. Mteja wake, povu bado shavuni, akabonyeza, kikakubali. Ikabaki simu ya Chumvi, ya kizamani, pacha kabisa wa simu ya Shangazi. Chumvi akageukia ukutani, akabonyeza kwa mbwembwe.

— Kwangu imekubali. Tena imefunguka kabla sijagusa.

Fundi akashusha pumzi, akamtumia Shangazi kiungo cha ukurasa, na ujumbe kwamba simu kama yake imekubali. Kahawa haijapoa, simu ikaita.

— Shikamoo, Shangazi.

Shangazi hakuitikia, na sauti yake ilisikika benchi zima.

— Nimebonyeza, kimya. Wazazi wako mlangoni. Hebu muulize huyo mwenye simu kama yangu: kwake ilitokea nini?

Wote wakamgeukia Chumvi. Akatazama ndani ya kikombe, kikavu.

— Mdogo wangu, akasema polepole, yote niliyosema leo ni kweli tupu. Ila simu yangu haijawaka tangu juzi.